Kungojea Mvua Wakati wa Ngano

Jumapili, 3 Agosti

Kirsten, binti wa dada yangu, ambaye tangu theluji iyeyuke ndiye meneja wa ofisi ya ushirika wetu, ameniagiza niandike kila ninachofanya kwenye seva. "Mjomba, ukigongwa na treni kesho, hakuna atakayejua humo ndani mna nini." Nikamwambia itakayoumia ni treni. Hakucheka. Basi kule kazini naandika anavyotaka yeye, mstari mmoja mmoja, mkavu kama risiti. Huku nyumbani naandika mambo yenyewe.

Kwa atakayesoma: mimi ni Verlyn Haugstad. Niliacha shule darasa la kumi kwa sababu walimu walikuwa wamekwisha kunipa walichokuwa nacho. Ushirika niliingia na ufagio, nikapanda hadi kwenye mizani, na kompyuta zilipoletwa wenzangu wote waliweka mikono mifukoni. Mimi nikazigusa. Seva tunayo moja, jina lake Gladys. Anakaa kwenye kabati la chuma nyuma ya nyumba ya mizani. Yeye ndiye anayeandika uzito wa kila lori, anayetoa bei kwenye tovuti, anayemwonyesha kila mkulima kwenye simu yake ameleta ngano kiasi gani. Hajazimwa kwa miaka sita. Benki ya mjini huzima yao kila mwezi, na wameajiri watu wenye digrii kwa kazi hiyo tu.

Jumanne, 5 Agosti

Lori la kwanza limeingia. Ni la Lowell Brandvold, kama kila mwaka. Lowell angevuna ngano ikiwa bado kijani ili mradi asitanguliwe.

Tangu saa ile kanuni imeanza: kutoka lori la kwanza hadi la mwisho, hakuna kugusa kitu chochote kinachofanya kazi. Aliileta Delmar Gefroh, mwenyekiti wa bodi. Kabla yangu kulikuwa na jamaa aliyeamua kuboresha programu ya mizani katikati ya Agosti. Malori yakajipanga hadi barabara kuu, Delmar akakosa pa kumwaga alichokwisha vuna, na akiwa amesimama kwenye foleni mvua ya mawe ikapita shambani kwake ikalaza kilichobaki. Yule jamaa sasa anauza mazulia. Mimi kanuni hiyo sijawahi kuivunja, na ndiyo maana Gladys ana miaka sita.

Jumatano, 6 Agosti

Jua. Malori.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwenye kahawa ya asubuhi tulitupa dadu kuona nani atalipia meza. Nikalipia mimi. Kufidia, niliwasimulia ya radi: ilivyopiga kilele cha ghala, ikashuka na bomba, ikaingia kabatini, Gladys akawa anakata roho, nikashika waya mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono huu, nikawa mimi ndiye waya, umeme ukipita kifuani kwangu kwenda kwake nusu saa nzima, na harufu ya mkate uliobabuka ikanitoka masikioni siku mbili.

"Mara ya mwisho ilikuwa dakika kumi," Lowell akasema.

"Mara ya mwisho nilikuwa naona haya."

Kirsten alikuwa anajaza kikombe chake. "Naisikia kila Krismasi," akawaambia. "Mwaka juzi mlikuwa na mbwa ndani yake."

"Mbwa alikuwepo. Namtoa watu wakiwa na haraka."

Binti ana digrii na ana ulimi, ila kucheka alisahau huko huko chuoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Watu wanaotengeneza programu ya kuhudumia kurasa, ile anayoiendesha Gladys na nusu ya dunia pamoja naye, wametangaza kwamba ina tundu. Ukiipelekea ombi lililopindwa namna fulani, inachanganyikiwa na kuanza kutii amri za aliyelituma. Kiraka, yaani programu iliyorekebishwa ya kuziba tundu hilo, wamekitoa hapo hapo. Ndivyo kazi hii ilivyo: siku wewe unapewa kiraka, ndiyo siku wezi wanaonyeshwa tundu liko wapi. Kuanzia hapo ni nani atakayewahi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimebandika. Malori yalikuwa yanapanda na kushuka mizani, na hakuna dereva aliyehisi hata upepo. Ni kama kubadilisha tairi la gari lililo mwendoni. Nawajua wanaume wawili tu katika jimbo hili wanaoweza, na mmoja wao amestaafu.

Kirsten alisimama mlangoni. "Mjomba, lile tundu la jana. Tumebandika?"

"Tumebandika."

"Na hatukusimamisha mizani?"

"Wewe umeona foleni?"

"Sijaona. Asante, Mjomba."

Niongeze jambo moja ili maandishi yawe kamili. Kiraka kiko kwenye diski. Gladys anayefanya kazi ni yule aliyeko kwenye kumbukumbu, na huyo bado ni wa zamani. Programu ikishawashwa haitazami tena diski, inaendelea na kile ilichosoma ilipoamka. Na kiraka hiki kimegusa mpaka maktaba, yale maagizo ya pamoja ambayo kila kitu humo ndani kinayatumia, kwa hiyo siyo kuwasha upya kipande, ni mashine nzima, kuzima na kuwasha. Nitafanya hivyo siku ya kwanza ya mvua, mashine za kuvunia zikiwa zimesimama na mizani ikiwa tupu. Sijawahi kuona Agosti ipite bila mvua.

Kirsten aliuliza kama tumebandika. Nilijibu alichouliza.

Jumatano, 13 Agosti

Mbingu safi. Wagonga mlango wachache.

Gladys huandika kila ombi linalomfikia, na mimi huyasoma kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo. Katikati ya wakulima wanaotafuta bei wamo wasiotafuta bei. Wanajaribu kitasa hiki, wanajaribu kile, wanaondoka. Hao ndio nawaita wagonga mlango.

Alhamisi, 14 Agosti

Mbingu safi. Wagonga mlango wameongezeka.

Jumamosi, 16 Agosti

Adhuhuri wingu jeusi lilitokea magharibi, pana, limebeba. Nilitoka nje ya nyumba ya mizani kulitazama. Lowell naye akashuka kwenye lori lake, tukasimama pamoja. Likazunguka kaskazini likaenda kuwanyeshea Wakanada. Lowell akavua kofia kushukuru. Nami nikavua yangu. Tulikuwa tunatazama wingu moja, kila mtu na dua yake.

"Hujambo wewe?" akaniuliza. "Umekaa kama mtu aliyekosa basi."

"Jua limenipiga."

Katika wilaya hii yote, mtu anayetaka mvua mwezi huu ni mimi peke yangu. Nikilisema hilo mezani watanitupa kwenye reli.

Jumapili, 17 Agosti

Mbingu safi. Kuna watakaouliza kwa nini nisimzime tu, dakika tano, halafu nimwashe. Kwanza kanuni. Halafu miaka sita ni mingi. Mambo mengi nilimwagiza Gladys kwa mdomo akiwa anaendelea na kazi, bila kuyaandika mahali atakapoyasoma akiamka. Mengi nayakumbuka. Siyo yote. Mashine ya namna hiyo ukiizima, ndipo unapojua kama itaamka au la.

Kumkata mtandao nako hakufai. Kituo chetu cha pili, kule ng'ambo ya mto, kinapimia humo humo kupitia mtandao, na treni za nafaka zinapangwa humo humo.

Jumatatu, 18 Agosti

Balfrey wamevamiwa. Ni ushirika jirani, mwendo wa nusu saa kwa gari. Asubuhi walifungua wakakuta skrini zote zina ujumbe mmoja wa kudai malipo. Uzito wa kila lori tangu mwanzo wa mavuno umefungwa, na hakuna anayejua ngano iliyomo ghalani ni ya nani na kiasi gani. Wanaandika kwa penseli. Mzee mmoja wa huko, nasikia, aliketi kwenye ngazi za ofisi na kofia mapajani na kukataa kuondoka mpaka aambiwe ameleta magunia mangapi. Hakuna aliyeweza kumwambia.

Programu yao na yetu ni moja. Tundu ni lile lile.

Wagonga mlango wetu leo: sikuwahesabu.

Jumanne, 19 Agosti

Mbingu safi. Malori ya Balfrey yanakuja kwetu. Foleni imefika kwenye kanisa la Kilutheri.

Jumatano, 20 Agosti

Delmar alikuja kwenye mizani akajiegemeza dirishani. "Binti wa dada yako ana roho ngumu. Jana bodi ilikuwa imetaharuki, kila mtu anapiga kelele kuhusu Balfrey. Akasimama. Akasema sisi kiraka tulibandika siku moja tu baada ya tangazo, na kwamba anaweka jina lake hapo. Nilikuwa miongoni mwa waliosema hana umri wa kazi ile. Nimeufyata."

"Ametoka kwenye ukoo mzuri," nikasema.

"Wa baba yake, bila shaka."

Nilicheka, kisha nikafunga dirisha kuzuia vumbi. Nilidhani kinachongojea mvua ni Gladys. Kumbe ni jina la Kirsten, nami ndiye niliyeliacha pale bila yeye kujua.

Alhamisi, 21 Agosti

Mbingu safi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kwenye kahawa leo walikuwapo wageni, madereva wawili wa Balfrey. Mmoja akawa anasema mashine zote ni mbovu, haifai kuziamini. Hilo sikuweza kuliacha lipite. Nikamweleza Gladys ni nani. Miaka sita, nikamwambia, na hajafumba jicho. Mafuriko, radi, panya. Rais wa benki aliwahi kuja kumtazama tu, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Miaka sita bila kuzimwa hata mara moja?" dereva akauliza.

"Hata mara moja. Mpaka dakika hii unayoniuliza."

Kirsten alikuwa nyuma yangu na dadu mkononi, ilikuwa zamu yake. Hakutupa. Aliziweka mezani taratibu.

"Mjomba, njoo unitazamie kitu ofisini."

Alifunga mlango, akabaki amesimama.

"Mpaka dakika hii?"

"Ndiyo."

"Na kiraka ulikiweka tarehe kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

"Kwa hiyo kinachofanya kazi sasa hivi, pale nyuma, ni kile chenye tundu."

Nilianza kumweleza habari za mvua. Alinyanyua mkono, siyo kwa hasira, kama mtu anayezuia gari lisirudi nyuma.

"Niliwaambia watu tisa. Nikawatazama machoni."

"Uliuliza kama tumebandika."

"Najua nilichouliza."

Akaketi. Nje lori lilikuwa linapiga honi, mtu wa mizani hayupo, mtu wa mizani ni mimi.

"Nenda ukapime," akasema. "Na usimwambie mtu mwingine habari za miaka sita. Nakuomba kama mtoto wako."

Angeniita mjinga ningejua pa kuanzia.

Jumamosi, 23 Agosti

Kirsten alimwendea Delmar, nami nikiwepo, akamwomba mizani isimame nusu saa ili seva iwashwe upya.

"Inaumwa?" Delmar akauliza.

"Haiumwi."

"Basi ngojeni mvua. Tukisimama nusu saa na foleni hii, watanimwagia ngano sebuleni."

Kirsten akasema sawa. Sababu yenyewe hakuitaja. Tuliporudi nilijua kwamba ukoo wa baba yake hauna lolote katika hili. Alijibu alichoulizwa. Huyo ni wetu.

Jumatatu, 25 Agosti

Mbingu safi. Arlo Senger moyo ulimshika jana akiwa juu ya mashine yake. Wamemkimbiza hospitali, wamempasua, ataishi. Ngano yake imebaki imesimama, yote, na haitasimama muda mrefu kwa joto hili. Jumamosi tunaenda kumvunia. Kila mtu mwenye mashine anaacha shamba lake, kila mwenye lori anakuja na lori lake, kanisa linapika. Hakuna anayeitisha mkutano wala kuomba. Simu zinapigwa tu: saa ngapi, lango lipi.

Mimi na Arlo tulikaa dawati moja. Nilishasema nitakuja na lori la ushirika.

Jumanne, 26 Agosti

Mbingu safi. Wagonga mlango wamebadilika. Zamani walikuwa wanajaribu kila kitasa. Sasa wanauliza kwanza programu ni toleo gani, halafu wanaondoka. Wanaandika orodha, na watarudi.

Alhamisi, 28 Agosti

Wazo ni langu, Kirsten hawezi kulikana. Nilimwambia: Jumamosi asubuhi hakuna lori litakalokuja hapa. Yote yatakuwa kwa Arlo, yakipangana, watu wakisali, wakigawana mashamba. Kituo cha pili wanafunga, nao wanakwenda. Mpaka shehena ya kwanza ya Arlo ifike, mizani itakuwa tupu kama siku ya mvua.

Alifikiri. "Delmar alisema tungoje mvua."

"Mvua haijasema kama inakuja."

"Na wewe unatakiwa kwa Arlo. Watakuona hupo."

"Wataniona."

"Mimi pia wataniona sipo," akasema, kisha akasema basi.

Jumamosi, 30 Agosti

Sina haja ya kuongeza kitu kwenye siku ya leo.

Asubuhi malori yalipita mbele yetu kwa msafara, mashine za kuvunia zikifuata, kila dereva akinyanyua kidole kimoja kwenye usukani. Nami nikanyanyua changu dirishani. Walidhani nafuata nyuma. Vumbi likatulia, barabara ikawa tupu mpaka inapokutana na anga.

Kirsten alihakikisha nakala ya kila kitu iko pembeni. Kisha akasema, "Zima."

Nikabaki na kidole juu ya kitufe. Hakunihimiza. Alikuwa anatazama ukuta, kama watu wanavyotazama pembeni daktari anapochoma sindano. Nikabonyeza.

Feni zilizunguka polepole, zikasimama. Chumba kile sijawahi kukisikia kikiwa kimya. Kumbe mna saa ya ukutani humo, inagonga.

Nikamwasha. Alichukua muda mrefu akijikagua, mistari ikipanda skrini, mimi nikiisoma kama naelewa yote. Kisha akaamka. Nikatazama programu iliyopo kwenye kumbukumbu: mpya. Tundu limefungwa. Nikageuka kumwambia Kirsten, nikamkuta ameishika simu yake mbali na uso.

"Mjomba, kuna mwaliko hapa wa chakula cha chapati za asali kwenye kituo cha zimamoto."

"Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Nikatazama. Tovuti ilikuwa inatoa bei za ngano za miaka minne nyuma. Nikafungua uzito wa malori ya msimu huu. Hakuna lori. Hakuna mkulima. Lowell Brandvold hajavuna hata punje.

"Ngano ya mwaka huu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Humo ndani. Amesahau pa kutazama. Kuna siku nilimwagiza atazame kwingine, kwa mdomo, sasa ameamka hakumbuki."

"Siku gani? Wapi?"

Nilisema sikumbuki, na ilikuwa kweli. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mke wa Delmar, kutoka shambani: mzee amejaza lori la kwanza, yuko njiani, mizani iwe tayari.

Kirsten aliweka simu chini. "Nisimulie ile ya radi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ila safari hii toa yasiyokuwepo."

Nikakaa. Ni hadithi ninayoweza kuisimulia usingizini, na sikujua ianzie wapi.

"Radi ilipiga," nikasema.

"Ndiyo."

"Sikushika waya."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nyumbani, nakula viazi. Mbwa hakuwepo. Kwenye kahawa nasema Gladys alikata roho. Hakukata. Diski moja ndiyo iliyoungua, nusu. Ilikuwa inalia kama nyenje. Nikaogopa itakufa, nikahamisha kurasa na uzito wote kwenda diski ya pili, na Gladys nikamwambia ile njia ya zamani kuanzia leo iishie kwenye diski mpya. Akatii."

"Hukuandika."

"Ilikuwa Ijumaa."

Alikaribia kucheka, nilimwona. "Diski ya pili ni ipi?"

"Ya chini. Ina bendeji. Nilikosa karatasi ya kuandikia."

Alipiga magoti mbele ya kabati, akaipata, bendeji imegeuka rangi ya chai, namba imeandikwa juu yake kwa mwandiko wangu. Akanisomea. Nikaiandika kwenye faili ambalo Gladys hulisoma akiamka, mstari mmoja, mstari ambao ungekuwepo miaka minne kama ningekuwa mtu wa namna hiyo. Nikafungua njia. Ngano ikarudi yote, kila lori, Lowell akiwa wa kwanza.

Nikasimama. Dirishani, mbali, kulikuwa na vumbi la lori moja.

"Zima tena," Kirsten akasema.

"Inafanya kazi."

"Inafanya kazi kwa sababu umeifungulia sasa hivi kwa mkono. Nataka nimwone anaamka mwenyewe."

Nikatazama vumbi. Nikamtazama yeye. Nikazima.

Delmar alipanda mizani Gladys akiwa bado anajikagua. Kirsten alitoka nje, akaegemea mlango wa lori, akamuuliza habari za Arlo, mke wa Arlo, mkwe wa Arlo. Sikujua kuwa anaweza kupiga soga. Kisha namba za uzito zikawaka dirishani, na Delmar akasogea.

"Wilaya nzima iko kwenye jua kali," akaniambia akipita, "na wewe umejificha kivulini."

Jumapili, 31 Agosti

Kanisani wananisalimu kama kawaida, ila hakuna aliyeniachia nafasi kwenye benchi. Baada ya ibada Lowell akaja. "Mashine zilipangana kutoka uzio hadi uzio. Ngano yote ya Arlo imekwisha kabla jua halijashuka. Sijui kama tutaona tena kitu kama kile." Akangoja. "Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo."

Hadithi za kumpa nilikuwa nazo nyingi. Hakuna hata moja ambayo ningeweza kuisimulia.

Jumanne, 2 Septemba

Leo amekuja mmoja mwenye ombi lenyewe, lile lililopindwa, barabara kabisa kama tangazo lilivyosema. Gladys akamjibu kwamba ombi hilo halieleweki. Akajaribu tena, akajibiwa vile vile, akaenda zake. Nimerudi nyuma kutafuta kama kuna aliyelileta kabla ya Jumamosi. Nimepekua mpaka siku ya tangazo. Hakuna.

Nikampelekea Kirsten habari. "Imekwisha," nikamwambia. "Uliwaambia bodi tumefunga tundu, na tumelifunga. Sasa ni kweli."

"Nilipowaambia haikuwa kweli."

"Nani atakayejua?"

"Mtu akinipa neno lake kuhusu ngano yangu, nataka liwe kweli siku ile anaponipa," akasema. "Bodi ni Alhamisi. Usipotaka kuja, usije."

Alhamisi, 4 Septemba

Nilikwenda. Nilikaa mwisho wa meza, karibu na birika la kahawa.

Kirsten alisimama. Hakuwa na karatasi. "Mwezi uliopita niliwaambia seva imebandikwa. Kiraka kilikuwa kimewekwa, ila hakikuwa kimeanza kazi. Kimeanza Jumamosi, tulipozima mashine asubuhi, kinyume cha kanuni. Kuzima niliamua mimi."

Hakuna aliyekunywa. Delmar alikuwa anageuza kofia yake kwa ukingo. "Balfrey walipokuwa wanaandika kwa penseli, sisi tulikuwa wazi kama wao."

"Ndiyo."

"Na ulitusimamia hapo hapo ukatwambia tuko salama."

"Ndiyo."

"Nani alikwambia wewe?"

"Niliuliza swali vibaya," Kirsten akasema.

Wangelipokea hilo. Niliona wanaanza kulipokea, kwamba ni mtoto, hajazoea, pengine mwaka ujao tutafute mwingine. Lowell alikuwa tayari anaitazama saa yake.

"Aliuliza vizuri," nikasema.

Wakageuka.

"Aliuliza kama tumebandika. Nilijua anachotaka kujua. Nikamjibu kingine, kwa sababu sikutaka kumzima Gladys."

Delmar alinitazama kwa muda, kama anayengoja iendelee. Wote walingoja. Mimi nilikuwa nimemaliza.

"Basi ndiko mlikokuwa Jumamosi," Lowell akasema hatimaye.

Waliijadili mpaka kahawa ikaisha. Kirsten anabaki, kwa kura zote isipokuwa moja. Kanuni inabaki, ila kuanzia mwaka ujao kutakuwa na saa moja kila Jumapili, watu wakiwa kanisani, ya kufunga matundu, mvua inyeshe isinyeshe. Neno la siri la kumfungua Gladys litakuwa kwa watu wawili. Kisha wakahamia kwenye bei ya gesi ya kukaushia mahindi.

Jumatatu, 8 Septemba

Lori la mwisho. Mvua ilianza nalo likiwa bado juu ya mizani.

Alhamisi, 11 Septemba

Wametangaza tundu jingine, dogo kuliko lile, kwenye programu ile ile. Nilikuwa nimekwisha kuweka kiraka Kirsten alipokuja kusimama mlangoni.

"Mjomba, inayofanya kazi sasa hivi, kwenye kumbukumbu, ni ipi?"

"Ya zamani," nikamwambia.

Akavuta kiti, akakaa kando yangu.